Mdomo Mpana, Shingo Nyembamba

Barabara ya shaba ina makoo mawili kabla msafiri hajaingia Kongo. La kwanza ni Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambako malori yaliyotoka bandari ya Dar es Salaam hujipanga kando ya lami na madereva hupika chai chini ya matela. La pili ni Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Foleni ni ile ile, ila hapa inapishana na nyingine inayotoka: malori yaliyobeba mabamba ya shaba yaliyofungwa mikanda ya chuma, na mengine yaliyojaa magunia makubwa ya hidroksidi ya kobalti. Njia nyingi zinakusanyika, zinaingia mahali pembamba, kisha zinatawanyika tena upande wa pili. Pale Kasumbalesa niliandika neno "faneli" juu ya ukurasa mpya wa daftari, na kuanzia hapo hadi Kolwezi nililitafuta umbo hilo mashimoni, viwandani, sokoni na mtoni. Nililikuta kila mahali, na kila mara nilijiuliza nani amesimama mdomoni na nani ameishika shingo.

Kabla ya mpaka huo wa pili njia hupita Chingola, jirani na Nchanga, mojawapo ya migodi mikubwa ya wazi barani Afrika. Mashariki yake kuna Mufulira, na historia ya Mufulira inatosha kumfanya mtu aliogope umbo hili. Usiku wa kuamkia Septemba 25, 1970, tope la mabaki ya mgodi lililokuwa limerundikwa juu ya ardhi lilipata njia ya kushuka. Chini yake kulikuwa kumeshachimbwa pakabaki patupu. Ardhi ikatitia, ikafunguka, na tope likamiminika hadi kwenye vichochoro walimokuwa wachimbaji wa zamu ya usiku. Walikufa watu 89. Faneli ile haikuchongwa na yeyote. Juu kulikuwa na uzito, chini kulikuwa na uwazi, maji yakamaliza kazi. Mabaki ya mgodi hurundikwa mahali fulani popote shaba inapochimbwa, na tangu nisome habari za Mufulira sijaweza kupita kando ya rundo la namna hiyo bila kujiuliza kuna nini chini yake.

Lubumbashi humpokea mgeni kwa umbo hilo hilo likiwa limepinduliwa: mlima mweusi wa masalia ya tanuru, na kando yake bomba la moshi lenye urefu wa takriban mita 150, vyote vikiwa urithi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Kibelgiji iliyoanzishwa mwaka 1906. Kila shimo la Katanga lina mlima wake mahali fulani, ingawa mara nyingi shimo na mlima haviko karibu, wala wanaovuta vumbi la mlima si wale waliolipwa kwa ajili ya shimo.

Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi ni kama kilomita 300. Njiani, kabla ya Likasi, dereva wetu alisimama kwa muuza mafuta wa chupa, yule ambaye katika miji mingi ya Kongo huitwa kadhafi. Faneli yake ilikuwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, ndani yake kimetandazwa kitambaa. "Mukubwa, nitie ngapi?" alimuuliza dereva, na macho yake hayakubanduka kwenye kitambaa tangu mafuta yalipoanza kupita hadi yalipokwisha. Petroli iliteremka, vumbi na chembe za kutu zikabaki. Kijana akakikung'uta, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni. Chupa aliiacha juu ya jiwe. Nilimwelewa: chupa ya kukata haikosekani, lakini kitambaa kizito kisichotoa nyuzi ni cha kutafuta, na injini ya mteja ikifa kwa uchafu, jina la muuzaji ndilo linalochafuka. Baadaye, kwenye biashara ya madini, nilikitafuta kitambaa cha namna ile.

Baada ya Likasi kuna njia inayoshika kaskazini kwenda Bunkeya. Mtanzania akilisikia jina hilo inafaa atulie kidogo. Ni hapo ambapo Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa Kisumbwa kutoka Unyamwezi, alijenga utawala wa Wayeke katika nusu ya pili ya karne ya 19. Shaba, pembe za ndovu na watu waliotekwa vilikusanywa kutoka nchi pana, vikapita mikononi mwake, vikatoka kwa misafara ya kwenda pwani ya Waswahili upande mmoja na pwani ya Angola upande mwingine. Aliishika shingo kwa miaka zaidi ya 30. Desemba 20, 1891 aliuawa na ofisa wa msafara wa Stairs, uliokuja kuitwaa nchi kwa ajili ya Mfalme Leopold II. Msafara huo ulianzia Bagamoyo ukapitia Tabora. Yaani uliingia kwa njia ile ile ambayo mali ya Katanga ilikuwa ikitokea.

Na kabla ya Msiri, kwa karne nyingi, watu wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha shaba kwa ufundi wao. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia mkaa na malakiti, lile jiwe la kijani linaloonekana hadi leo kwenye meza za wauza mawe ya mapambo, kisha wakapuliza hewa kwa mivukuto kupitia bomba la udongo. Pumzi pana ya kiriba hubanwa mahali pembamba, ikatoka na nguvu ya kuufanya mkaa uwake mweupe. Shaba ilimiminwa katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha, na mingi imefukuliwa makaburini katika bonde la Upemba, kaskazini zaidi, kwenye mto Lualaba, ule ule unaopita karibu na Kolwezi.

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya madini, na tangu 2015, Katanga ilipogawanywa, ni makao makuu ya jimbo la Lualaba. Mgeni huja akilitafuta shimo. Anachokiona kwanza ni vilima, vipana, bapa kileleni, vya rangi ya matofali na kijivu, vimesimama nyuma ya nyumba kana kwamba vilikuwepo kabla ya mji. Vyote ni kifusi. Shimo lenyewe liko nyuma ya uzio na walinzi. Lakini umbo lake linajulikana kwa kila mtu mjini, hata kwa ambaye hajawahi kusimama ukingoni mwake, na hapa nataka kukaa kidogo, maana hesabu ya umbo hilo ndiyo inayoamua nani ataendelea kuishi wapi.

Ukuta wa shimo hauwezi kusimama wima. Mchanga mkavu ukimiminwa hulala kwenye mwinamo wa nyuzi 34 hivi. Uuongeze mwinamo, unateremka. Kile kidudu kinachochimba kishimo kwenye vumbi la barazani na kujificha kitakoni kikimngojea sisimizi huishi kwa kanuni hiyo hiyo: ukuta wa kishimo chake uko kwenye mwinamo wa mwisho kabisa, hivyo mguu wa sisimizi ukigusa tu, chini yake kunamomonyoka. Mwamba huvumilia zaidi ya mchanga, lakini mwamba wa Kolwezi umelainishwa na mvua za mamilioni ya miaka, umepasuka, na una maji ndani. Ndiyo sababu wahandisi huukata ukingo ngazi kwa ngazi, kila ngazi na ubapa wake wa kudaka mawe yanayoanguka, na shimo zima linakuwa faneli.

Tuchukue mwinamo wa nyuzi 45, kwa urahisi wa hesabu. Kila mita unayoshuka, mdomo hupanuka mita moja kila upande. Ukichimba mita 100 kuelekea ncha moja chini, mdomo una upana wa mita 200. Ukitaka kufika mita 200, mdomo unakuwa na upana wa mita 400: eneo la juu limekuwa mara nne, na mawe ya kutoa yamekuwa mara nane. Madini yenyewe yaliyokufanya ushuke ni tabaka la unene wa mita chache tu huko kitakoni. Kwa hiyo mgodi wa wazi hauwezi kukua kwa kwenda chini peke yake. Ni lazima ule pembeni, na pembeni mwa mashimo ya Kolwezi kuna mji.

Kwetu Shinyanga nilizoea shimo la aina nyingine. Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, faneli imetengenezwa na ardhi yenyewe. Zamani sana volkano ilipasuka kutoka kina kirefu, ikajaza mwamba wa kimbalaiti katika mkondo ambao juu ni mpana na unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyoshuka. Kwa juu una hekta 146. Mchimbaji wa Mwadui anafuata faneli iliyokuwepo. Mdomo ulishachorwa na moto wa chini kabla binadamu hajafika, na kila aliyejenga jirani angeweza kuoneshwa mwisho wake. Shimo Kubwa la Kimberley, Afrika Kusini, lililochimbwa kwa sururu na koleo kuanzia 1871 hadi 1914, ni la ukoo huo huo.

Shaba ya Kolwezi ina tabia tofauti. Ni matabaka ya mashapo yaliyotandikwa chini ya maji ya kina kifupi zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita, kisha yakakunjwa, yakavunjwa vipande, yakainuliwa huku na huku. Tabaka moja linaweza kuzama kama jani lililosimama wima, lingine likalala kama sahani. Madini hayo hayana umbo la faneli hata kidogo. Faneli imechimbwa na watu ili kuyafuata, na itaishia wapi ni uamuzi wa watu: bei ya shaba ikipanda, jiwe ambalo jana halikufaa linafaa leo, na mstari wa mdomo unasogezwa nje. Tofauti hii naiona ni kubwa kuliko zote nilizoziandika katika safari hii. Anayeishi jirani na Mwadui anaishi kando ya kitu kilichokwisha kuumbwa. Anayeishi Kolwezi anaishi kando ya mdomo ambao haujaamua utafika wapi.

Nilitembea Cité Gécamines, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni ya taifa iliyoirithi Union Minière. Gécamines ilizalisha tani zipatazo 476,000 za shaba mwaka 1986. Miaka minane baadaye ilikuwa imeshuka hadi tani kama 30,000 tu, na shimo lake kubwa la KOV, hapa Kolwezi, likaachwa likajaa maji hadi wawekezaji wapya walipokuja kuyapampu. Leo jirani na mtaa huo kuna mgodi wa COMMUS, unaomilikiwa na Zijin ya China pamoja na Gécamines, uliofunguliwa upya mwaka 2015. Septemba 2023, Amnesty International na shirika la haki za binadamu la Kolwezi, IBGDH, walitoa ripoti iliyoeleza jinsi familia za hapo zilivyohamishwa kadiri mgodi ulivyopanuka, bila kushirikishwa ipasavyo na kwa fidia isiyotosha kununua nyumba ya hadhi ile ile. Mama mmoja aliyekuwa akianika unga wa mihogo kwenye turubai alinionesha kwa kidole upande wa uzio. "Papa, shimo iko nakuya," alisema. "Kila mwaka iko nakuya." Nyumba yake ina umeme, maji na miembe iliyopandwa na marehemu mumewe. Nilimwuliza kama amewahi kuoneshwa ramani. Akatikisa kichwa, akaendelea kugeuza unga.

Kasulo ni mtaa mwingine wa mji huo huo, na umbo lake ni kinyume. Mwaka 2014 habari zilienea kwamba chini ya kiwanja cha nyumba kule kumekutwa jiwe jeusi la kobalti. Muda si muda watu walikuwa wakichimba sebuleni, uani na chini ya kitanda. Hawa ndio wachimbaji wadogo, wenyewe hujiita kwa Kifaransa creuseurs. Mchimbaji mdogo hana pesa za kupanua mdomo. Hana lori la kubebea kifusi wala kiwanja cha jirani. Anachimba kisima: upana wa mabega, wima moja kwa moja, akikanyaga vitobo alivyokata ukutani, kisha anapolifikia tabaka anageuka kulifuata chini ya nyumba za wengine. Sheria ya Kongo inaweka mwisho wa mita 30 kwa shimo la namna hiyo, na wengi huupita.

Hapo ndipo hesabu ya mwinamo inapokuwa hesabu ya maisha. Ukiipanua faneli, anayelipa ni mkazi wa juu, anayeondolewa kwenye nyumba yake. Usipoipanua, anayelipa ni mchimbaji wa chini, anayeangukiwa. Ardhi haina njia ya tatu isipokuwa kuweka nguzo, kupitisha hewa na kulipia uhandisi wa chini kwa chini, na hakuna mnunuzi wa gunia anayelipia hayo. Hata wasiochimba hulipa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kobalti nyingi zaidi katika damu na mkojo wa wakazi wa Kasulo kuliko wa mtaa jirani ambao haukuchimbwa, na watoto ndio walioathirika zaidi. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta, familia zilizokuwemo zikahamishwa, na madini ya ndani yakawa na mnunuzi mmoja, Congo Dongfang, kampuni tanzu ya Huayou ya China. Ukuta ulikuwa na malango, na kila gunia lilipita langoni.

Juni 2019 ngazi za ukingo wa KOV ziliporomoka juu ya wachimbaji wadogo walioingia bila ruhusa. Zaidi ya watu 30 walikufa. Walikuwa wakikwangua ngazi zile zile zilizowekwa ili kuta zisianguke. Novemba 2025, huko Kalando, katika jimbo hilo hilo la Lualaba, watu wasiopungua 32 walikufa kwenye daraja la kienyeji lililovuka mtaro uliojaa maji. Uwanja wa machimbo ulikuwa umefungwa kwa sababu ya mvua, watu wakaingia kwa nguvu. Ikasikika milio ya risasi za askari, umati ukakimbilia mahali pamoja pembamba, daraja likakatika. Vifo vya 2019 vilitoka ukutani, vya 2025 vilitokea shingoni, ambako hata uwanja wazi huua ukiwa na njia moja tu ya kutokea. Sina uwezo wa kuandika habari hizi kwa utulivu, na sioni kwa nini nijilazimishe.

Jiwe likishatoka ardhini hupitia faneli nyingi ndogo. Lori hulimwaga kwenye sanduku la chuma lenye mdomo mpana linaloilisha mashine ya kuponda, na kutoka hapo huenda kwenye vinu. Kifaa ninachokipenda katika viwanda vya aina hii ni saikloni: koni ya chuma iliyosimama kichwa chini, isiyo na sehemu yoyote inayozunguka. Tope husukumwa kwa pampu liingie kwa ubavu karibu na juu, nalo huzunguka kwa kasi. Chembe nzito hutupwa ukutani, huteremka kwa mzunguko na kutokea tundu la chini, wakati chembe laini hupanda katikati na kutokea juu. Nzito hurudishwa kinuni zikasagwe tena. Faneli hii, tofauti na ya kadhafi, haihitaji kitambaa. Umbo na mwendo vinatosha kuchagua. Mwisho wa yote ni umeme. Luilu, kando ya Kolwezi, shaba imekuwa ikitolewa kwenye mabirika ya asidi kwa nguvu ya umeme tangu 1960, ikijibandika bamba kwa bamba.

Na umeme huo una safari yake. Sehemu hutoka karibu, kwenye bwawa la Nzilo, ambako Lualaba ulizuiwa mwaka 1952 kabla ya kujitupa kwenye magenge. Sehemu nyingine hutoka Inga, karibu na Bahari ya Atlantiki, kwa laini ya kilomita 1,700 hivi iliyoanza kazi mwaka 1982. Ni umeme wa mkondo mnyoofu, ambao hauchotwi njiani kwa transfoma ya kawaida. Unahitaji kituo kikubwa cha kuubadilisha. Kwa hiyo unaingia Inga, unatokea Kolwezi, na nguzo zinapita juu ya vijiji ambavyo vikiingia usiku vinawasha tochi. Katika nchi nzima sijaona shingo ndefu kuliko hiyo.

Sokoni shingo ni fupi zaidi. Madini ya wachimbaji wadogo hupelekwa kwenye depo, nyingi zikiwa Musompo, nje ya mji. Mnunuzi hupima kiwango cha kobalti kwa kifaa cha mkononi ambacho wachimbaji hukiita Metorex, na bei hufuata asilimia inayotokea kwenye kioo. Mwenye kifaa ndiye anayeisoma. Mchimbaji aliyetoa gunia mita 30 chini hana kifaa cha pili cha kulinganisha, na siku ya pili hawezi kulibeba gunia lile lile kurudi nalo mjini. Hapa ndipo nilipokitafuta kile kitambaa: ni wapi gunia lililochimbwa na mtoto, au lililotoka kwenye shimo lililoua, linabaki nyuma huku mengine yakipita? Magunia yanakutana kwenye depo, yanamwagwa kwenye rundo moja, na kuanzia hapo hayatambulikani. Mwaka 2019 serikali iliunda kampuni ya umma, EGC, ikaipa haki ya pekee ya kununua kobalti ya wachimbaji wadogo. Wazo ni zuri endapo shingo itakapokuwa moja itawekwa kichujio. Bila kichujio, mnunuzi pekee ni mnunuzi pekee tu.

Hata hivyo kuna jambo jipya, na nililiona kwa furaha. Februari 2025 Kongo, inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, ilisimamisha kuiuza nje. Kuanzia Oktoba ikaweka viwango vya kuuza nje, tani 96,600 kwa mwaka mzima wa 2026. Kabla mwaka 2025 haujaisha bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Kwa muda mrefu shingo ya madini haya ilikuwa mikononi mwa wasafishaji wa ng'ambo, na safari hii nchi yenyewe iliikamata. Nani kati ya waliochimba alifaidi kupanda huko, hilo ni swali la kwenda kuulizwa Musompo, kwa watu wenye mikono iliyochubuka.

Mto wenyewe unaendelea kaskazini. Lualaba, uliopita kando ya haya yote, husafiri hadi Kisangani, hupita maporomoko saba ya Boyoma, na baada ya la mwisho huitwa Kongo. Hapo Wagenia hutega samaki kwa faneli kubwa za fito, zilizofungwa kwenye miti waliyoisimika miambani katikati ya maji ya kasi. Samaki anayesukumwa na mkondo huingia mdomoni akabanwa shingoni, maji hupita. Dema la wavuvi wa Unguja na Mafia lina akili ya namna nyingine: lawekwa kwenye maji yaliyotulia, na mdomo wake unaingia ndani ukipungua, samaki hupenya kwa hiari yake kufuata chambo, kisha hauoni mlango. Mtego wa Wagenia unahitaji nguvu ya mto, dema linahitaji tamaa ya samaki. Nikiufikiria mtaa wa Kasulo katika mwaka ule wa 2014, namna vijana walivyoacha shule na mashamba kufuata jiwe jeusi, sina budi kusema ule ulikuwa mtego wa aina ya dema, ingawa wavuvi wake hawakuwahi kuonekana majini.

Faneli ikigeuzwa hueneza. Siwa ya shaba ya Lamu, baragumu iliyohifadhiwa pamoja na ile ya pembe ya ndovu ya Pate katika makumbusho ya mji wa Lamu, huchukua pumzi ya mtu mmoja kwenye tundu dogo la ubavuni na kuijaza mitaa. Ripoti ya Amnesty na IBGDH ya 2023 ilifanya kazi ya siwa: neno lililosemwa uani, Cité Gécamines, lilisikika Ulaya. Fedha nazo zingeweza kuenea hivyo. Kwa sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018, mrabaha hugawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya eneo mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, tena kampuni hutakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii jirani. Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni 3 za shaba mwaka 2024. Mgawo wa mrabaha wa kiasi hicho unatosha kujenga mitaa mipya yenye maji, shule na kivuli kabla ya kuwahamisha wa mitaa ya zamani. Namna fedha hizo zinavyotumika, wakazi wanapaswa kusomewa hadharani, mwaka kwa mwaka.

Lakini ningeanza na ramani. Kila mgodi wa wazi una mchoro wa shimo la mwisho, mstari unaoonesha mdomo utakapokoma iwapo bei na mpango vitabaki vilivyo, na michoro mingine ya kila hatua katikati. Wapimaji wanayo kwenye kompyuta zao, kwa sababu bila michoro hiyo hawawezi kujua waanzie kukata ngazi wapi. Ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, kwa kipimo kinachosomeka, majina ya barabara yakiwemo, pamoja na mwaka ambao mdomo unatarajiwa kufika kila barabara. Mpango ukibadilika, ibandikwe mipya siku hiyo hiyo.